Njia Iliyochosha Watu

Stela hakufia kwenye tope la mbuga. Watu husema hivyo kwa sababu ndivyo habari inavyosimulika vizuri, lakini mimi nilikuwepo. Tope tulilivuka. Wanaume walimbeba juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa kanga na juu ya kanga nailoni, maana mvua ilikuwa inamwagika, na dada yake Levina alitembea pembeni amemshika mkono. Tulipopanda ule mwinuko upande wa pili, wabebaji wakaomba kutua. Wakatua. Walipotaka kukiinua tena kitanda, Stela alikuwa ameshaondoka, na mtoto tumboni pamoja naye. Kutoka pale unaziona bati za Cheyo, mwanzo wa mji. Zahanati ilikuwa mbele kidogo tu.

Kitongoji chetu kinaitwa Ngulumbi, kiko upande wa Kipalapala, na kati yetu na mji kuna hiyo mbuga, bonde tambarare linalojaa maji masika. Magari huzunguka kwa barabara kubwa. Sisi wa miguu tuna njia yetu ya mkato, nayo ni ya zamani kuliko nyumba yoyote iliyosimama hapa. Wengine wanasema misafara ya pembe za ndovu ilipita hapo, wapagazi wa Kinyamwezi wakielekea pwani kwa hiari yao kutafuta maisha. Wengine wanasema waliopita ni watumwa. Nadhani walipita wote. Njia haichagui.

Kwenye mazishi ya Stela, Levina hakulia. Sisi tuliokuwa tumekaa naye kwenye mkeka tulimngoja alie, maana asiyelia msibani hutia watu hofu, lakini alikaa macho makavu mpaka matanga yakaanuliwa. Baada ya hapo akaanza kudai njia. Alikwenda manispaa, akarudishwa, akaenda tena. Aliongea kwenye mikutano ya mtaa mpaka watu wakimwona anasimama wanaanza kuguna. Mwisho tukakubaliwa: kikundi cha akina mama, kazi yetu kufyeka, kuzibua mitaro na kuinua njia pale mbugani ili ipitike kiangazi na masika. Levina akawa mwenyekiti. Mimi, Eustadia, nikawa wa toroli, kwa kuwa nina mabega. Tukapewa na fundi wa barabara wa kutuelekeza, Renatus, mtu mpole mwenye kofia ya kufuma ambayo hakuivua hata kwenye jua la Oktoba.

Shida ilikuwa mawe. Mbuga ile ni udongo mweusi. Ukimwaga kifusi kitupu kinanyonywa. Renatus alisema lazima chini kuwe na mawe, tena mengi. Na kwetu mawe ni yale majabali makubwa yaliyokaa kama tembo waliolala. Kuyapasua si kazi ya wanawake wenye sururu.

Aliyetuokoa ni Konsolata. Alikuwa mdogo kuliko sote kwenye kikundi, mzaliwa wa Ulyankulu, wazazi wake wakimbizi wa Burundi wa zamani, ameolewa kwetu. Siku hiyo alikuwa anafyeka kule mwinukoni, kando ya njia, ndani ya kichaka cha miiba. Fyekeo likalia kwenye jiwe. Akafyeka zaidi, likalia tena. Tulipomaliza kukiondoa kile kichaka, mbele yetu kulikuwa na rundo la mawe refu kunizidi mimi, limefunikwa nyasi na mizizi, pana kama nyumba.

Yalikuwa mawe ya kujaa kiganja. Yote. Kulikuwa na meupe kama chumvi, mekundu, mengine meusi na laini ya mtoni, na vipande vizito vya mavi ya chuma kama vile vya kwenye viwanja vya wahunzi wa kale. Konsolata aliokota moja, akaligeuza.

"Haya si ya hapa," alisema. "Haya yameletwa."

"Yameletwa na Mungu," Levina akamjibu. "Eustadia, leta toroli."

Recheli, mkubwa wetu, mama wa Kimoraviani asiyeishiwa maneno, alikuwa amekaa kwenye gogo anajipepea. "Bibi yangu alikuwa akitembea kutoka Sikonge kuja mjini," alisema. "Akianza kuchoka, anaokota jiwe njiani. Anakuja nalo mpaka hapa, analitupa kwenye rundo. Anasema, 'Kaa hapa wewe uchovu, mimi naenda.' Sisi watoto tulikuwa tunacheka mpaka tunakaa chini."

"Na uchovu ulikaa?" nilimwuliza.

"Bibi alizeeka na meno yake yote. Labda ulikaa."

Tukacheka na sisi. Kisha tukaanza kupakia.

Kiangazi chote tuliyabeba yale mawe kuyateremsha mbugani. Renatus alitupimia kamba, tukayapanga, tukayashindilia kwa gogo, tukaweka makalavati maji yapite chini, tukaweka kifusi chembamba juu ambacho mvua ya kwanza ilikiosha, yakabaki mawe yenyewe yamekaa vizuri kama meno. Ncha zote mbili tuliziwekea mteremko mpole, wa baiskeli na wa mama mwenye mtoto mgongoni. Mwinukoni pakabaki kipande cha ardhi nyeupe, pasipoota kitu.

Mvua zilipokuja, maji yakajaa kulia na kushoto, na njia yetu ikasimama katikati. Levina alisimama kwenye mvua bila mwavuli anaiangalia. Nilimwona akitabasamu, na sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu siku ya kitanda.

*

Wa kwanza kulalamika walikuwa wauza nyanya. Walisema shingo zinawauma. Tukasema ni ndoo zenu, punguzeni. Halafu wakaanza kulalamika wanaporudi na ndoo tupu. Walimu wakasema watoto wa Ngulumbi wanafika shuleni wamechoka, wanalaza vichwa kwenye madawati kabla ya kipindi cha kwanza. Mganga wa zahanati akawapa dawa za minyoo.

Kisha Valentino. Huyu ni dereva wa bodaboda, kijana wa mjini mwenye mdomo, na njia yetu ilimfurahisha kuliko mtu yeyote maana ilimpunguzia mzunguko. Mchana mmoja, jua kali, alikuja mpaka tulipokuwa tunazibua mtaro, akazima pikipiki, akawa anaangalia tairi la nyuma.

"Mama Mwenyekiti, shikamoo. Hebu niangalieni. Nimepakia mtu?"

"Marahaba. Umepakia nani? Uko peke yako," Levina alisema.

"Nami ndivyo ninavyojiona. Lakini nikiingia kwenye mawe yenu, pikipiki inakaa chini. Inakaa kama nimebeba magunia ya mkaa. Naweka gia ya kwanza, inanguruma, haiendi. Nageuka nyuma, hakuna mtu." Alicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Nikimaliza mawe, inanyanyuka yenyewe. Kama mtu ameshuka."

Hakupita tena njia ile. Na mmoja mmoja, watu wengine nao wakaacha. Walikunja suruali na kanga, wakavua viatu, wakapita kwenye tope pembeni mwa njia tuliyoijenga. Kufika mwezi wa pili kulikuwa na njia nyingine kabisa, ya matope, inaifuata yetu sambamba hatua kwa hatua, na juu ya mawe majani yakaanza kuchungulia.

Levina aliwasimamia pale. "Mnataka kitanda cha kamba tena?" aliwaambia. "Mnataka kubeba wake zenu kwenye tope? Pandeni juu!" Baadhi walipanda kwa aibu, wakishafika mbele anapowapa kisogo wanashuka. Ni Konsolata peke yake aliyeendelea kupita juu kila siku, akienda na kurudi. Alikuwa na mimba wakati huo, tumbo linamtangulia. "Mwenyekiti amehangaikia njia hii," aliniambia. "Nitapita wapi pengine?"

Mimi nilipita mara moja peke yangu, nataka kujua. Sikuona kitu. Mbuga ilikuwa imetulia, yangeyange wanatembea majini. Lakini nilipofika katikati nilishangaa mkono wangu wa kulia uko juu, umeshikilia kitu kichwani, na kichwani hapakuwa na kitu. Shingo ilikuwa imekakamaa. Nikaona uchovu ambao haukuwa wa siku ile wala wa wiki ile, uchovu wa mtu aliyetoka mbali na bado hajafika. Nilipoteremka upande wa pili nilikaa chini ya ukingo nikavua viatu, nikaangalia nyayo zangu nikitegemea kuona damu.

*

Mume wa Levina, Emilian, ni fundi cherehani, si mtu wa kuzungumza mambo ya nyumbani kwake. Kwa hiyo alipokuja kwangu asubuhi na kusimama mlangoni anazungusha kofia, nilijua ni zito.

"Shemeji Eustadia," alisema, "naomba ukamsuke Levina."

"Amekutuma?"

"Hajanituma. Nenda ukamsuke tu. Umwangalie kichwa."

Nilikwenda na chanuo langu. Levina alikubali bila kuuliza, akaketi kwenye kigoda katikati ya miguu yangu, nikamfungua kitambaa. Alikuwa amekonda, mabega yametokeza. Utosini, nywele zilikuwa zimekwisha kwa mviringo, zimesagika, na ngozi imekuwa ngumu na kung'aa. Niliwahi kuona utosi wa namna hiyo kwa bibi zetu, waliochota maji kwa mitungi juu ya kata maisha yao yote. Levina hakuwa amebeba kitu kichwani tangu tupate toroli.

"Unapita kule mara ngapi kwa siku?" nilimwuliza.

"Napita."

"Levina."

Nikamaliza msuko wa kwanza. Kisha akaanza kusema, ameangalia ua wake, sauti ya kawaida kabisa, kama anayeeleza habari za sokoni.

"Wapo wengi. Wanakwenda mmoja nyuma ya mwingine. Siwaoni, nawasikia wanavyohema. Mwanzo niliogopa, nikawa natembea haraka. Hawakimbizi mtu, Eustadia. Wana mizigo. Mtu mwenye mzigo atakukimbiza vipi? Wanahema tu, na mimi nikiwa mbele yao napata uzito wao kidogo. Wakifika mwinukoni wanataka kutua. Nasikia wanavyosimama. Na pale hapana pa kutua, basi wanageuka, wanaanza upya."

Mikono yangu ilikuwa imesimama. Nikailazimisha iendelee.

"Na Stela yumo," alisema.

"Usiseme hivyo."

"Yumo. Anahema vilevile kama siku ile. Mfupi mfupi, halafu mmoja mrefu. Ningemtambua kati ya watu elfu. Nikifika mwinukoni anakuwa hapa." Akagusa sikio lake la kushoto. "Sauti yake ya kuongea nimeisahau. Nilijaribu kuikumbuka, haiji. Kicheko chake nacho kimepotea. Nimebaki na hii."

"Sasa basi tuyatoe mawe," nilimwambia. "Recheli alisema tangu mwanzo ni mawe ya nini. Tuyarudishe."

Aligeuka akaniangalia, chanuo limening'inia kwenye nywele zake. "Uyarudishe, halafu yeye aende wapi? Nimzike mara ngapi?"

Nilimsuka mpaka mwisho, nikazipitisha nywele za pembeni juu ya pale palipong'aa, nikamfunga kitambaa. Emilian alikuwa kwenye cherehani yake barazani. Aliniangalia nikipita. Nilitikisa kichwa, naye akarudi kwenye kushona.

*

Mwezi wa tatu mvua ilikaza. Mimi na Levina tulikuwa mtaroni upande wa Ngulumbi, tunatoa majani yaliyoziba kalavati, mchana, mawingu yameshuka chini. Tukasikia mtu anapiga kelele kule mbele juu ya njia.

"Mawe! Mawe weee!"

Nilidhani anasema mawe yameporomoka. Niliokota beleshi nikakimbia. Ni baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba kwa Kirundi mtu akizidiwa humwita mama yake hivyo. Mawe ni mama yangu.

Konsolata alikuwa ameketi katikati ya njia, miguu ameinyoosha, maji ya uzazi yamelowesha kanga. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya kichwa, imeshika kitu kisichokuwepo, vidole vimejipinda kwa kukaza.

"Nipokeeni," alisema. "Jamani nipokeeni. Wananiambia niwapokee na mimi nimejaa. Sina pa kuweka."

Niliweka beleshi chini, nikamshika kwapani kumwinua. Mimi nainua gunia la mahindi peke yangu. Konsolata sikumwinua. Hakusogea hata kidogo. Ilikuwa kama kung'oa mti. Uchungu ukamjia, akajipinda, akaanza kuhema mfupi mfupi.

"Levina, shika huku!"

Levina alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakuwa anamwangalia Konsolata. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa kushoto, mdomo wazi kidogo, anasikiliza. Uso wake ulikuwa umelainika kama wa mtu anayeimbiwa. Nilielewa. Kulikuwa na pumzi mbili pale, na yeye alikuwa anaisikiliza ile nyingine.

"Levina!" Nilipiga kelele mpaka koo likakwaruza. "Huyu hapa ndiye aliye hai!"

Aligutuka. Alimwangalia Konsolata kama anayemwona sasa hivi. Nikaona mabega yake yanashuka, kisha yakapanda.

"Si juu," alisema. "Hatutaweza kumwinua juu. Mvute pembeni."

"Kuna tope pembeni."

"Nimesema mvute!"

Tulimshika miguu na mabega, tukamburuta kwa upande juu ya yale mawe, sentimita kwa sentimita, tunalia kwa nguvu tunazotumia, mpaka akavuka ukingo akateleza kwenye tope. Hapo hapo akawa mwepesi. Alikuwa mwepesi kama msichana yeyote mwenye mimba, na mikono yake ikaachia kichwa, ikamshika Levina shingoni. Tukambeba. Tulipita mbugani kwenye tope la mapajani, sambamba na njia tuliyoijenga kwa mikono yetu, bila kuikanyaga. Levina alikuwa anamwambia njia nzima, "Hema. Hema mwanangu. Hema nikusikie."

Tulipofika mwinukoni niliomba tutue kidogo.

"Hapa hatutui," Levina alisema.

Hatukutua. Valentino alikuwa chini upande wa Cheyo na abiria. Alimshusha abiria bila kumwuliza, tukampakia Konsolata, Levina nyuma yake amemkumbatia, wakaondoka. Alijifungua kabla ya jioni, mtoto wa kike, mzima. Nilimkuta Levina amekaa kwenye benchi la nje la zahanati, tope limemkaukia mpaka kiunoni.

"Kesho tunayatoa," alisema.

*

Renatus alitusikiliza akiwa amesimama, kofia yake imelowa. Recheli ndiye aliyeeleza, maana sisi wawili hatukujua pa kuanzia.

"Njia imekaguliwa," Renatus alisema Recheli alipomaliza. "Imesifiwa. Siwezi kwenda ofisini kusema ina watu."

"Hatujakutuma ukaseme hivyo," Recheli alimjibu. "Hata mimi sitakwenda kusema hivyo kanisani."

Renatus aligeukia mbuga. "Siku hizi napitia barabara kubwa," alisema taratibu. "Nimejiambia ni kwa sababu ya viatu." Kisha akawa fundi tena. Alisema tusithubutu kutoa mawe yote kwa mkupuo, maji yataondoka na kila kitu, tutabaki na ziwa. Tutoe kipande, tujaze kipande. Kulikuwa na moramu, ule udongo mwekundu wa barabara, iliyobaki kwenye kazi fulani barabara ya Isikizya, angeiomba. Kwa chini angetafuta matofali ya kuchoma yaliyovunjika. "Haitakuwa imara kama hii," alisema. "Nawaambia mapema. Kila masika mtakuwa mnaijaza."

"Tutaijaza," Levina alisema.

Toroli haikufaa kitu. Nilipakia mawe machache, gurudumu likazama pale pale. Kwa hiyo tuliyabeba kwa mikono, moja moja, mawili mawili, kuyapandisha mwinukoni. Siku ya kwanza tulikuwa sisi wa kikundi tu. Siku iliyofuata walikuja wauza nyanya. Halafu wakaja wengine, hakuna aliyewaita, hata wale waliokuwa wamekanyaga tope kimya kimya miezi yote ile. Emilian alifunga cherehani akaja. Valentino alikuja na miwani yake ya jua.

Ni Recheli aliyeanza kusema. Aliweka jiwe lake kwenye ile ardhi nyeupe, akajinyoosha, akashika kiuno. "Pole na safari," alisema, kama vile unavyomwambia mgeni yeyote anayetua mzigo mlangoni kwako. Aliyekuwa nyuma yake akasema vilevile. Basi ikawa hivyo, mawe yote, siku zote. Pole. Pole na safari. Poleni. Mimi ni Mkatoliki wa kusali kila Jumapili na sikuona kwamba ninamkosea Mungu. Kila nilipoweka jiwe, kitu kilinitoka shingoni. Na kitu kingine, sijui nikisemeje. Hewa pale juu ilikuwa kama chumba chenye watu wengi, halafu watu wakawa wanapungua.

Levina alifanya kazi kuliko wote, lakini hakupanda mwinukoni. Alikuwa chini anang'oa, anawapa wengine. Siku ya mwisho yalibaki mawe ya ncha ya mwisho, na jioni ilikuwa bado mbali. Watu walichukua, wakapanda. Likabaki moja, jeupe. Alikaa nalo mkononi.

Sikumharakisha. Nilitembea nyuma yake. Alipanda polepole, ameinamisha kichwa kushoto, na mimi nikajua anasikiliza, na niliposikia anaanza kuhema naye, mfupi mfupi halafu mmoja mrefu, nilitaka kumwambia arudi, alitupe mbugani, tumwachie hilo moja. Jiwe moja lingemdhuru nani? Lakini niliendelea kumfuata.

Alilipita rundo. Alikwenda mpaka pale kilipotuliwa kitanda, hatua chache kando, pasipo na alama yoyote ila sisi tuliokuwepo tunapajua. Akasimama. Midomo yake ilitikisika. Kisha akarudi kwenye rundo, akachuchumaa, akaliweka jiwe pamoja na mengine, na kiganja chake kikakaa juu yake kwa muda kabla hajakitoa.

Ukimya uliokuja sijawahi kuusikia tena. Yangeyange walikuwepo, upepo ulikuwepo. Ila kilichokuwa chini ya sauti hizo zote, tulichokuwa tumekizoea bila kujua, kilikoma.

Levina aliketi chini akaanza kulia. Hakulia kwa haya. Alilia kama watu wanavyolia siku ya kwanza ya msiba, kwa jina la marehemu, akimwita Stela, akimwita mtoto ambaye hakupewa jina. Wanawake waliokuwa wamekaa naye kwenye mkeka miaka ile walimwangalia, kisha mmoja mmoja wakaketi kumzunguka, wakanyoosha miguu, wakafunga kanga vichwani. Mimi nikakaa. Wanaume wakasogea pembeni, wakavua kofia. Renatus naye akavua yake. Kumbe alikuwa na upara. Mvua nyepesi ikaanza, na hakuna aliyeinuka.

*

Njia tuliyonayo sasa ni mbaya kuliko ile. Renatus alisema kweli. Masika ya kwanza yaliondoka na moramu nusu, tukajaza. Yaliyofuata yakakata pembeni pa kalavati, tukajaza. Tuna ugomvi usiokwisha na wenye ng'ombe wanaokanyaga kingo, na Valentino tumemkemea mara nyingi kwa mwendo wake, maana siku hizi anapita pale kama risasi. Wauza nyanya wanapita. Watoto wa shule wanapita wakirushiana matope. Mtu akichoka, amechoka kwa siku yake mwenyewe.

Niliwahi kumwuliza Levina kama husikia chochote.

"Hakuna," alisema. "Njia tupu." Alilisema neno tupu kama mtu anavyolisema juu ya nyumba.

Bado ni mwenyekiti wetu. Bado ndiye anayefika wa kwanza na fyekeo. Tukimaliza kazi huwa tunakwenda mjini pamoja, mimi na yeye, na tukifika mwinukoni hupunguza mwendo. Nami napunguza. Kisha tunateremka upande wa Cheyo, tukiongeza hatua, maana dagaa wazuri huisha mapema.